Kutoka Liège hadi Kalemie: Land Cruiser ya mwaka 1992 inatayarishwa kuvuka bahari

Kila Jumapili baada ya misa, fundi mmoja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, anaketi juu ya pine la zamani mbele ya garaji yake na kungojea simu kutoka Ubelgiji. Simu ikilia, salamu zake ni fupi. Anasema tu: “Mzee, geuza kamera, nione chini.” Upande wa pili, mjini Liège, mwanaume wa miaka 63 analala chali juu ya kartoni na kupitisha simu yake polepole chini ya gari. Fundi anatazama, ananyamaza, anaomba taa isogezwe. Mara nyingine mazungumzo yanachukua saa mbili na mtandao unakatika mara kumi.

Msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mwenye gari ni mjomba wangu, kaka ya mama. Aliondoka Kalemie akiwa kijana, akapitia Lubumbashi, akafika Ubelgiji, akabaki. Gari lake ni Toyota Land Cruiser HDJ80 ya mwaka 1992, aliyoinunua mwaka 2009 kwa mkulima wa Ardennes. Anataka kulipakia ndani ya kontena kwenye bandari ya Antwerp, kulipokea Dar es Salaam, kisha kuliendesha mwenyewe kupitia Zambia hadi Lubumbashi, na kutoka hapa kupanda kaskazini hadi Kalemie kwa mama yake. Nkambo ana miaka 88. Anasema ndege hatapanda tena, hata akitumiwa tiketi. Mtoto ndiye atakuja, na atakuja na gari, kama alivyoahidi.

Wengi wanauliza: kwa nini asinunue gari hapa hapa? Magari ya namna hiyo yanajaa Lubumbashi. Mjomba anajibu kwamba gari la mtu mwingine lina siri za mtu mwingine, na hili analijua hadi kwenye buloni. Kuna sababu nyingine ambayo haisemi sana. Huko Ulaya, gari lake limeanza kufukuzwa. Mji wa Antwerp tangu 2017 na mji wa Brussels tangu 2018 imeweka maeneo ambako dizeli za zamani haziruhusiwi kuingia, kwa ajili ya moshi. Kitu ambacho huko ni aibu, kwenye barabara zetu ni faida. Motere za kisasa za mazutu zina vichujio vya moshi na zinadai dawa ya AdBlue. Zikipewa mazutu yenye salfa nyingi zinaugua. Motere ya HDJ80, ile inayoitwa 1HD-T, ya silinda sita na lita 4.2, pompe yake ni ya chuma na springi tu. Haijui kompyuta. “Gari la kompyuta likizima Mitwaba, utaita nani?” fundi anauliza, na anayemuuliza hajibu.

Lakini msemo wa kwamba magari ya zamani hayafi ni nusu ya ukweli, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Fundi alipoona herufi 1HD-T, swali lake la kwanza halikuhusu turbo wala radiyatere. Aliuliza juu ya kusineti, yale mabati laini ya nusu duara yanayokaa kati ya fimbo za pistoni na kigingi kikubwa kinachozunguka chini ya motere. Motere hizi za miaka ya mwanzo ya 1990 zina ugonjwa unaojulikana na mafundi dunia nzima: kusineti zile zinalika mapema kuliko zinavyopaswa. Gari linaweza kwenda vizuri, bila moshi, bila kelele, na siku moja fimbo inapiga. Motere imekwisha. Dawa ni rahisi kama inafanywa mapema: mafuta yanamwagwa, karta ya chini inafunguliwa, kusineti za zamani zinatolewa moja moja na mpya zinawekwa, bila kuitoa motere ndani ya gari. Mjomba aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa siku mbili, akatutumia picha za kusineti za zamani zikiwa zimepangwa juu ya gazeti. Nne zilikuwa bado nzuri. Mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha rangi ya shaba. Fundi alikuza picha ile kwa vidole, akapiga mluzi.

Siku ile ile alibadilisha kurua ya distribisio, mkanda wa mpira unaounganisha chini na juu ya motere. Kwa kitabu, unabadilishwa kila kilometa 100,000. Kwenye karatasi za mkulima haikuandikwa popote kwamba uliwahi kubadilishwa, na mkanda usio na tarehe, kwa fundi, ni mkanda uliokwisha.

Kisha wakaja kwenye magurudumu ya mbele. Anayeijua Land Cruiser ya aina hii anajua lile tufe la chuma nyuma ya kila gurudumu la mbele. Ndani yake kuna kiungo kinachozungusha gurudumu huku likikata kona, na kimejaa grisi. Kwenye ekseli kuna mafuta. Kati ya vitu hivyo viwili kuna jwe moja ya mpira. Jwe ikizeeka, mafuta yanaingia kwenye grisi, grisi inakuwa supu, na supu inatiririka juu ya tufe. Mjomba alikuwa akiyafuta majimaji hayo kwa kitambaa kila mwezi kwa miaka mitatu na kuyaita jasho. Fundi alicheka hadi wanafunzi wake wa garaji wakaacha kazi kutazama. Pande zote mbili zilifunguliwa, viungo vikaoshwa, jwe zikawekwa mpya, na rulema za magurudumu pia. Rulema za zamani zilizo bado nzima hazikutupwa: ziko ndani ya sanduku la akiba.

Kuna Mjerumani mmoja, Gunther Holtorf, ambaye jina lake fundi alilisikia kwangu. Alizunguka dunia karibu miaka 26 na Mercedes 300 GD ya mwaka 1988, takriban kilometa 900,000, akamaliza mwaka 2014. Gari lake sasa liko kwenye jumba la makumbusho la Mercedes, Stuttgart. Nilimsimulia fundi nikidhani atastaajabia kilometa. Yeye alitaka kujua kitu kimoja: mzee huyo alikuwa anabadilisha vitu kabla ya kuvunjika, ama baada? Nikamwambia kabla. “Basi,” akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mambo yote hayo yalikwenda vizuri kiasi kwamba mjomba alilipia nafasi ya kontena kwa meli ya mwezi wa Machi. Alipanga vizuri. Kwetu Katanga kiangazi ni tangu Mei hadi Septemba, na barabara ya kwenda Pweto na Kalemie si ya kuendea wakati wa mvua, hata kwa gari jipya. Gari likiondoka Antwerp Machi, yeye angefika Dar es Salaam Mei, na Kalemie mwezi wa Juni.

Jumapili moja ya Februari, fundi aliomba kamera ipelekwe nyuma, juu ya ekseli, pale ambapo mikono ya ekseli inashikwa na shasi. Kulikuwa na rangi nyeusi nzito, nzuri, inayong'aa. Fundi hakuipenda. “Mzee, chukua nyundo. Piga hapo.” Mjomba akapiga kidogo. “Piga kama mwanaume.” Akapiga. Nyundo ikaingia.

Sote tulikuwa kwenye simu: mimi, fundi, mama yangu aliyekuja kusalimia. Hakuna aliyesema kitu. Kulikuwa na shimo ambalo ngumi ingepita, na ndani yake kutu ilidondoka kama majani ya chai. Huko Ubelgiji, wakati wa baridi, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakaa ndani ya shasi miaka na miaka na kula kutoka ndani. Nje, mtu fulani, zamani, alipaka rangi nzito na kumaliza. Gari lilikuwa limepita ukaguzi wa serikali miezi michache kabla, bila neno. Aliyepaka rangi ile, aidha hakujua ama alijua vizuri sana.

Usiku ule ndugu walipigiana simu kutoka Kalemie hadi Kolwezi. Mama alisema wazi: auze vyuma hivyo, anunue tiketi ya ndege, aje kumwona mama yake angali anamtambua. Mwezi wa Januari nkambo alikuwa amelazwa siku tisa kwa malaria, na kila mtu alikuwa bado na hofu hiyo moyoni. Binamu mmoja alisema kiunganishwe kibati juu ya shimo, kipakwe rangi tena, meli isimpite. Kwani nani ataangalia? Fundi hakuwa mtu wa familia, lakini alipoambiwa wazo hilo alikasirika kuliko wote. Ekseli ya nyuma inashikwa hapo. Ikikatika kwenye mlima wa Kitonga, kule Iringa, katikati ya malori yanayoshuka na kupanda, mtoto hatafika kwa mama yake, na mama atazika mtoto.

Mjomba alichagua kuchelewa. Alipoteza pesa alizotanguliza kwa meli ya Machi, euro 300, na kumpata mchomeleaji wa kijijini anayetengeneza trekta. Kazi ilichukua majuma sita. Nataka kuieleza kidogo kwa sababu magari mengi yanayotoka Ulaya kuja kwetu yana ugonjwa huo huo, na wanunuzi wa hapa wanatazama rangi na viti. Kwanza kutu haifunikwi. Inakatwa hadi kufikia chuma kizima kinachotoa mlio mkali ukikigonga. Batri inafunguliwa kabla ya kuchomelea. Bati la milimita 4 linakatwa kwa umbo la shasi na kuchomelewa pande zote, si nukta nukta. Kazi ikipoa, nta ya maji inapulizwa ndani ya shasi kupitia matundu yake, kwa sababu ndani ndiko ugonjwa ulikoanza. Fundi alidai picha za kila hatua, na mara mbili alikataa na kusema irudiwe. Mchomeleaji, ambaye hakuwahi kufika Afrika, alianza kuuliza kila asubuhi kama “le chef de Lubumbashi” amekubali.

Wakati gari likiwa juu ya magogo, mjomba alijenga ndani. Hapa sina budi kusema kwamba alipotea kidogo, kama wengi wanaotazama video za wasafiri usiku. Alitoa viti vya nyuma, akaweka makabati ya mbao, friji, tanki la maji la lita 80, hema la kulala juu ya paa, makopo manne ya mazutu, jeki mbili, na sanduku la vipuri ambalo watu wawili walilibeba. Fundi alimwomba kitu kimoja tu: apeleke gari kwenye baskili, ile mizani ya malori. Likapimwa kwenye machimbo ya mawe: kilo 210 juu ya uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye karatasi za gari, na dereva alikuwa bado hajapanda.

Uzito ndio adui ambaye haonekani kwenye picha. Unavunja springi, unachemsha freni kwenye mteremko, unapasua pine, unachimbia gari kwenye matope ambako gari jepesi lingepita. Basi ikaanza kazi ya kutoa. Tanki la maji likawa vidumu viwili vya lita 20. Makopo manne yakawa mawili, kwa sababu tanki la gari ni la lita 95, na kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi stesheni za mafuta zipo njiani. Hema la paa lilibaki wiki mbili za mabishano, kisha likauzwa. Ndugu wana nyumba, na penye ndugu hakuna hema. Vipuri vilichaguliwa upya kwa sheria ya fundi: beba kile kisichopatikana hapa. Lubumbashi imejaa vitu vya 1HZ, motere ya Land Cruiser za mashirika na za migodi, lakini motere ya mjomba si ndugu yake kwa kila kiungo. Kwa hiyo: jwe za turbo, pompe ya maji, mipira ya radiyatere, vichujio sita vya mazutu. Vichujio ni vingi kwa sababu mazutu ya kidumu, yale yanayouzwa kando ya barabara baada ya Lubumbashi, huja na maji na mchanga. Mapine ni ya saizi 265/70R16, ambayo hata Prado za zamani zinavaa. Kuna mapine mazuri zaidi ya saizi kubwa, lakini pine zuri lisilopatikana Pweto linakuwa kiti cha kukalia.

Safari ya majaribio ilifanywa siku tatu kwenye milima ya Ardennes, gari likiwa na mzigo wote. Hiyo inafaa kila mtu afanye. Siku ya kwanza usiku friji iliimaliza batri. Asubuhi gari halikuwaka, na mzee wetu alisukumwa na vijana wa skauti. Sasa kuna batri ya pili ya friji peke yake. Siku ya pili freni zilianza kuwa laini kwenye mteremko mrefu: mafuta ya freni yalikuwa ya zamani, na mafuta hayo yananyonya unyevu, na unyevu ukichemka freni hazishiki. Lita moja mpya, saa mbili za kazi. Heri Ardennes kuliko Kitonga.

Karatasi zimemchosha kuliko kutu. Gari likiingia nchi nyingine kwa muda, bila kuuzwa, linahitaji kadi ya duane inayoitwa carnet de passages, kitabu kinachotolewa na klabu za magari baada ya kuweka dhamana ya pesa. Kinadumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja cha kuingia, kimoja cha kutoka, na kimoja kinachobaki kitabuni na mihuri yote miwili. Ukitoka mpaka mmoja bila muhuri wa kutoka, kwa serikali ile gari halikutoka, na dhamana yako inaulizwa. Kwenye mipaka kama Tunduma na Kasumbalesa, ambako malori yanapanga mstari mrefu na vijana kumi wanakuzunguka wakisema wao ndio duane, kusahau muhuri ni rahisi sana. Mjomba amebandika karatasi kwenye kioo: USIONDOKE BILA MIHURI. Juu ya umri wa magari kanuni zetu zimebadilika mara kwa mara, na gari la kupita si sawa na gari la kuingizwa kwa kukaa. Anayepanga safari kama hii aulize ofisi ya DGDA kabla ya kulipa meli, si baada.

Namba ya shasi nayo ilileta maneno. Kwenye karatasi za Ubelgiji kulikuwa na herufi moja tofauti na ile iliyogongwa kwenye chuma. Kwa miaka yote hakuna aliyetazama. Ilichukua siku kumi na moja kurekebisha. Kwa bima kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inafanya kazi Tanzania, Zambia na hapa kwetu. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Na kwa kuwa mjomba ana pasi ya Ubelgiji, na sheria ya Kongo haikubali uraia wa pili, ameomba viza ili aingie nchi aliyozaliwa. Hilo alilisema haraka, akabadilisha habari.

Kuhusu meli, alikuwa na njia mbili. Meli za kupakia magari kwa kuyaendesha ndani ni za bei ya chini, lakini unaacha ufunguo, na vitu vya ndani mara nyingi havifiki vyote. Kontena ni ghali zaidi, ila unafunga mwenyewe na gari halipandishwi na mtu mwingine. Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha meta 2.28 hivi, chuma cha kubebea mizigo juu ya paa ilibidi kifunguliwe na kulazwa ndani. Tanki liliachwa karibu tupu, batri zikafunguliwa, makopo ya mazutu yakakaushwa. Tangu meli zilipoanza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi zinazunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, hivyo majuma yanaongezeka.

Jambo la mwisho lililowatia wasiwasi si la chuma. Usukani wa gari uko kushoto, kama inavyofaa Kongo. Lakini Tanzania na Zambia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, na dereva wa usukani wa kushoto, akiwa nyuma ya lori, haoni kinachokuja. Atahitaji mtu wa kukaa kulia na kutazama. Mtu huyo ni mimi. Nitampokea Dar es Salaam, na kwa kilometa 2,000 na zaidi, kupitia Mikumi ambako barabara inapita katikati ya wanyama, Iringa, Mbeya na Tunduma, kazi yangu itakuwa kusema “bado” au “pita”. Fundi ameniambia niseme “bado” mara nyingi.

Mjomba alitamani kuendelea kutoka Kalemie hadi Fizi, Uvira na Bukavu, alikosomea. AFC/M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na njia ile si ya matembezi. Ramani yake inaishia Kalemie, na sehemu ya juu ameikunja.

Kontena lilifungwa Jumanne iliyopita. Jumatano nilimpigia nkambo kumpa habari. Alisikiliza yote, motere, shasi, meli. Kisha akauliza atakaa wapi. Nikamwambia yeye atabaki nyumbani, sisi ndio tutakuja. Akasema hapana: gari likifika Kalemie, litampeleka Moba kuona kaburi la dada yake, na wajukuu wawili watakwenda naye kumshika mikono. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba viti vya nyuma viko Liège, ndani ya garaji ya mjomba, chini ya makopo ya rangi.

Fundi hakushangaa. Nyuma ya garaji yake kuna HDJ80 iliyogonga lori mwaka juzi. Mbele imekwisha, nyuma ni nzima, viti vimechanika kidogo. Makabati ya mbao yatatolewa likifika hapa. Mwenye gari lile anadai dola 120 kwa viti vyote. Tumetoa 70, na tunaendelea kuongea.